Mwaka Uliokuwa Ndani ya Mashine ya Mama

Juzi mteja aliniletea kompyuta mpakato iliyonyeshewa mvua njiani akitoka Ikola. Nilipofungua kifuniko cha chini, ikapanda harufu ya vumbi lililolowa likakauka, lenye sabuni kidogo ndani yake, kwa sababu yule bwana alikuwa ameifuta kwa kitambaa chake cha kuogea. Nikabaki nimeshika bisibisi bila kufanya kitu. Akaniuliza, "Dada, imekufa?" Nikamwambia sijajua bado. Kwa kweli nilikuwa sipo pale. Nilikuwa kwenye ua wetu, siku ile tuliyoanua matanga ya mama.

Kwetu matanga yakianuliwa, kila kitu alichokuwa akikigusa marehemu kinaoshwa. Nguo zinafuliwa, vyombo vinasuguliwa, kitanda kinatolewa nje na kumwagiwa maji ya moto. Wanawake wa ukoo wanaanza asubuhi, na maji yale ya mwisho yakishamwagwa nyuma ya nyumba, ndipo watu wanaruhusiwa kucheka tena. Shangazi Leonsia, dada yake baba, aliyekuja kutoka Ugalla, ndiye aliyesimamia. Aliosha kanga za mama, akaosha masufuria, akaosha hata mwavuli. Kisha akaingia chumba cha mbele, akatoka amekumbatia kompyuta.

Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa steshenari ya mama. Kilitazama barabara, na ndani kulikuwa na kompyuta moja ya mezani, printa moja, na benchi la wateja. Mama alichapa barua za kuomba kazi, risala za harusi, mitihani ya walimu, ratiba za kwaya. Nililala miaka mingi nikisikia vidole vyake vikichapa upande wa pili wa ukuta, mlio mwepesi kama wa mvua inayoanza kwenye bati, na mpaka leo mvua ikianza hivyo nasinzia.

Shangazi aliiosha ile mashine kwa upendo, kama anaogesha mtoto mchanga, anafuata kila kona kwa kitambaa chenye povu. Kwenye kibodi alimimina maji kabisa. Akaviweka vyote juu ya kichanja, katikati ya masufuria, vipigwe jua. Povu lilichuruzika kutoka kwenye vitundu vya ubavuni, na mimi nikachuchumaa kutazama linapodondokea. Niliamini herufi zote ambazo mama aliwahi kuandika zilikuwa zinatoka na lile povu. Nilitafuta kwenye udongo uliolowa kama nitaona hata moja.

Jioni ile wakubwa walikaa ndani kuzungumza habari zetu. Baba alikuwa ameshatangulia, miaka ya nyuma, Vumilia akiwa bado tumboni. Sasa tulibaki watatu: mimi niliyekuwa nimeonja kidato cha kwanza, mdogo wangu Kalisto aliyekuwa shule ya msingi, na Vumilia ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanalegea. Waliamua haraka. Kalisto angekwenda Ikola kwa baba mdogo, akasaidie kuanika dagaa. Vumilia angekwenda Ugalla na shangazi. Mimi, walisema, ni mkubwa, pa kukaa hapakosekani.

Nilisubiri wengine watoke, nikamfuata shangazi jikoni.

"Shangazi, usitugawe."

"Nani anawagawa? Nyie siyo karanga."

"Nitafungua steshenari. Najua kuchapa. Mama alinifundisha."

Shangazi aligeuza ugali. Alikuwa mtu wa haki, hilo nitalisema popote. Mumewe alikuwa mrina asali, na yeye mwenyewe alikuwa na shamba lake kando ya mto, na mahindi yalikuwa yanamsubiri.

"Nakaa hapa mpaka mahindi yangu yaanze kukauka," akasema. "Siku hiyo mashine ikiwa inatoa karatasi, nawaacha hapa, mama wa jirani atawaangalia, nami nitakuwa nakuja. Ikiwa haitoi, nabeba mtoto, na mwenzake anapanda gari la Ikola. Na wewe usinililie, maana mimi pia nitalia, halafu ugali utaungua."

Sikurudi shule. Hakuna aliyenifukuza. Nilikunja sketi ya shule nikaiweka chini ya sanduku, nikaenda sokoni kumwita fundi.

Fundi Nyanda alikuwa kijana wa Kisukuma, wa familia zile zilizoteremka na ng'ombe zao kutoka kaskazini. Alitengeneza simu na redio kwenye meza ya mbao, na kompyuta kidogo. Alipofika akainamisha sipiyu, yaani lile boksi lenyewe, maji kidogo yakatoka. Akatutazama mmoja mmoja.

"Shikamoo shangazi. Hii imefanyaje?"

"Marahaba. Nimeiosha."

"Umeiosha?"

"Sasa ulitaka niiache na uchafu wa msiba?"

"Shangazi, mashine haiogi! Mbona simu ya marehemu hukuiosha?"

"Niliiosha."

Nyanda akaketi chini kabisa, akashika kichwa, akacheka mpaka Vumilia naye akaanza kucheka bila kujua anachekea nini. Shangazi hakukubali kushindwa. "We Msukuma, unajua ng'ombe wewe. Hii haina mkia."

"Haina mkia? Angalia hapa nyuma," akasema Nyanda, akinyanyua zile nyaya zote kwa mkono mmoja. "Nyie watu wa asali mngeifukizia moshi kabisa."

Ilianza safari ndefu ya mashine ile kurudi, na ninapoikumbuka siikumbuki kama kazi. Naikumbuka kama ugonjwa wa mtu tunayemuuguza. Kwanza ilikataa kuwaka, ikawa inalia tu, mlio mfupi mfupi kama kifaranga. Nyanda akachomoa kijibao kirefu chembamba, akaniambia hapo ndipo mashine inaposhikia mawazo ya sasa hivi, akaomba kifutio cha Kalisto cha shule. Akasugua meno ya kile kijibao, ya rangi ya dhahabu, kwa kifutio, polepole, mpaka yakang'aa. Aliporudisha, mlio ukaacha. Kalisto alikwenda shule na kifutio kile akiwaambia wenzake kimetibu kompyuta.

Lakini ule mfumo wa zamani ulioiendesha haukuamka. Nyanda alijaribu, akatikisa kichwa. Akavinusuru vitu alivyokuwa ameandika mama, akavihamishia kwenye diski yake, kisha akatoa flashi ndogo aliyoifunga na uzi mwekundu. Akasema humo kuna Linux, mfumo ambao watu wameutengeneza na kuuachia dunia nzima, na unazipenda mashine za zamani kwa sababu hauzidai nguvu nyingi. Nilishika ile flashi kiganjani. Nilishangaa kitu cha kuamsha mashine kubwa kiasi kile kinaweza kuwa chepesi kama mbegu ya boga.

Mashine haikuiona. Tukaichomeka mbele, haikuiona. Tukaichomeka nyuma, ikaiona, maana matundu ya mbele yalikuwa bado na sabuni. Kikatokea kioo cheusi, na maandishi meupe yakaanza kupanda, mstari juu ya mstari, haraka kuliko jicho. Halafu giza tupu, na kialama kidogo kinapepesa kwenye kona. Nyanda akazima, akawasha, akasema kadi ya picha haielewani na mfumo mpya, akaandika neno moja refu pale mwanzoni kuiambia isijisumbue na mapambo. Safari hii giza likapasuka. Ikatokea rangi ya kijani laini inayofanana na majani ya miombo baada ya mvua ya kwanza. Vumilia aliyekuwa mgongoni kwangu alikuwa amelala, na nakumbuka nilisimama hivyo hivyo, ile kijani usoni, pumzi yake shingoni, mvua inakatika nje.

Ndipo nilipoona tarehe. Ilikuwa kwenye kona ya chini, maandishi madogo. Siku ya mwaka mpya. Na mwaka wenyewe ulikuwa wa nyuma sana, mwaka ambao baba alikuwa hai.

Nyanda alishakusanya vitu vyake, hakuitazama ile kona. Nami sikumwonyesha, kwa sababu sikuona kama ni kosa. Niliielewa mara moja, kwa namna yangu. Wenzangu mliofiwa mkiwa wadogo mtanielewa. Niliona kwamba mashine imeoshwa msiba ukatoka wote, ukatoka na miaka yote iliyoleta msiba. Imerudi mahali ambapo hakuna aliyekufa.

Na siku ile ya mwaka mpya niliikumbuka. Baba alinibeba mabegani kwenda kanisani na viatu vyangu vipya vikampaka vumbi kifuani. Mama alipika pilau, akaungua kidole, akakishikiza kwenye ndewe ya sikio kukipoza, akacheka. Kalisto alikuwa anatambaa. Kumbe siku hiyo haikwenda popote. Ilikuwa imekaa humo ndani ya boksi, ikisubiri umeme.

Umeme wa mji wetu, Mpanda, wakati ule ulikuwa wa majenereta, ukija na kuondoka upendavyo. Kila ulipokatika na kurudi, nilikimbilia kile chumba na kuwasha, na kila mara ilikuwa siku ile ile ya mwaka mpya, inaanza upya. Nilikaa mbele yake mchana, madirisha yamefungwa kuzuia vumbi, mwanga unaingia kwa vitundu vya bati, na niliona kama saa ile inavyotembea pale konani ndivyo mama anavyotembea huko: sasa anachambua mchele, sasa anaita watu waje kula. Nilipunguza hata sauti ya miguu yangu. Sikumwambia mtu, ila mara moja tu, Vumilia aliponiuliza ninatazama nini.

"Natazama zamani," nikamwambia. "Baba yuko hapo, na mama, na Kalisto mdogo."

Akasogea karibu na kioo, akatafuta. "Na mimi niko wapi?"

"Wewe bado."

"Bado wapi?"

"Bado hujazaliwa."

Akarudi nyuma kutoka kwenye kioo. "Sipendi hapo," akasema, akaenda kukaa kwa shangazi.

Ilibaki printa. Mfumo ulikuwa umekaa vizuri, nilikuwa nachapa hadi vidole vinachoka, lakini karatasi hazikutoka. Nyanda aliniambia printa ile inahitaji programu yake ndogo, na hiyo inashushwa kutoka mtandaoni. Akanionyesha namna ya kuunganisha simu ya shangazi na mashine, akaniandikia amri ya kuandika, kisha akaenda zake gulioni Mishamo, anakokaa siku kadhaa akitengeneza simu za watu. "Ikigoma nipigie," akasema.

Ikagoma. Niliunganisha, nikaandika amri ile, ikatafuta, ikaleta maandishi ya kukataa. Nikaandika tena. Ikakataa. Nilifanya hivyo siku baada ya siku, na kila siku shangazi alitoka uani, akatazama mahindi ya jirani, akagusa majani yake kwa vidole kama mtu anayepima kitambaa. Yalikuwa yanageuka rangi. Asubuhi moja nilimkuta amemkalisha Vumilia mlangoni, anamsuka nywele, mistari mizuri iliyobana ya kusafiria. Pembeni kulikuwa na begi, na juu ya begi gauni la Vumilia la njano limekunjwa.

"Mahindi yamekauka," akasema, bila kuniangalia. "Kesho."

Nikampigia Nyanda. Nyuma yake nilisikia pikipiki, mbuzi, na mtu anayenadi maharage kwa sauti ya kuimba.

"Leti! Inasemaje?"

"Inakataa."

"Inakataaje? Nisomee."

Nikamsomea kwa Kiingereza changu cha kidato cha kwanza, herufi nyingine nikazitaja moja moja. Maana yake nilikuwa nimeitafuta kwenye kamusi ya mama. "Inasema lile faili bado halijawa halali."

"Imesema bado?"

"Ndiyo. Bado."

Mbuzi wakaendelea. "Hebu angalia kona ya chini. Leo ni lini humo?"

Nikamwambia. Sikuhitaji kuangalia.

Nyanda alipiga kelele ya furaha mpaka nikatoa simu sikioni. "Mama wee! Ndiyo hiyo! Shangazi yako ameua betri! Kuna kijibetri kidogo humo ndani kama kifungo cha shati, ndicho kinachotunza saa umeme ukikatika. Kimeingia maji. Kikifa, mashine inarudi kwenye tarehe ya kiwandani. Sasa unailetea mafaili ya mwaka huu, inaona yanatoka mwaka ambao haujafika. Hata wewe ukiletewa barua ya mwaka keshokutwa, si utaikataa?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sogeza tarehe, basi. Nenda kwenye saa, ilete leo."

Niliangalia ile kona. Huko ndani ilikuwa bado asubuhi.

"Leti? Upo?"

"Nikiisogeza, ile miaka inaenda wapi?"

"Miaka gani?"

"Hii iliyomo."

Sijui Nyanda alielewa nini. Nilisikia akisogea mbali na yule mnadi wa maharage. Halafu akasema kwa sauti nyingine, ya chini, "Hakuna kilichomo, mdogo wangu. Ni saa tu. Sogeza, chaji yangu inaisha."

Nikaweka simu mezani. Mlango ulikuwa wazi, na kupitia hapo nilimwona Vumilia, kichwa kimeinamishwa kati ya magoti ya shangazi, nusu imesukwa na nusu imesimama. Alikuwa anahesabu kitu kwa vidole vyake na kupoteza hesabu. Mwaka ule wa mashine haukuwa na kichwa kile. Nilikuwa nimekaa humo mchana wote wa majuma yale, na humo Vumilia hakuwepo.

Kulikuwa na kishale kidogo cha kupandisha mwaka. Ningeweza kuandika mwaka wenyewe, lakini wakati ule sikujua, nikabonyeza mmoja mmoja.

Nikabonyeza. Huo ndio mwaka ambao baba alianza kukohoa. Nikabonyeza, baba akawa hayupo, na Vumilia akazaliwa wakati wa maembe, mwekundu usoni, mwenye hasira. Nikabonyeza, mama akafungua steshenari, akatundika pazia la bluu. Nikabonyeza tena na tena, Kalisto akaanza shule akalia getini. Kulikuwa na mwaka mmoja ambao sikukumbuka kitu chochote, nikakaa juu yake kidogo, nikitafuta. Tulikula, tulilala, hakuna aliyeumwa. Nikaubonyeza nao. Mwishowe ikabaki miezi, na hiyo niliifanya nimefumba macho, kwa sababu nilijua homa ya mama iko wapi. Nilipofumbua, ilikuwa leo. Shangazi alikuwa anamwambia Vumilia atulie.

Niliandika amri ile. Mashine ikatafuta, na mistari ikaanza kupanda, myeupe, haraka, haikatai. Nikachagua printa. Kwa muda haikufanya kitu. Kisha ikakohoa, ikavuta, ikatoa karatasi yenye maduara ya rangi na mistari ya majaribio.

Shangazi alikuja na kitana mkononi. Aliichukua ile karatasi, akaielekeza kwenye mwanga, akaigeuza nyuma.

"Hii haina maneno."

"Ni ya kujaribia, shangazi."

"Mimi sikusema duara. Andika kitu."

Sikujua niandike nini. Nikaandika majina yetu matatu, herufi kubwa, nikaitoa. Ilikuwa na joto. Shangazi hakuwa msomaji sana, akamwita Kalisto kutoka uani.

"Soma."

"Letisia. Kalisto. Vumilia," akasoma Kalisto. Kisha akaangalia nyuma ya karatasi. "Basi?"

"Basi," akasema shangazi. Akaikunja, akaichomeka kifuani. Akarudi mlangoni, akaketi, akamalizia ile nusu ya kichwa iliyobaki, mistari ile ile ya kubana, hadi nywele ya mwisho. Alipomaliza alilichukua gauni la njano, akalikunjua, akamvika. "Nililiambia lile Lisukuma," akasema, kama anaongea na nywele, "mashine ilikuwa inahitaji kuoga tu."

Kesho yake aliondoka peke yake. Kalisto alibeba begi lake hadi stendi.

Kijibetri kile hakikupatikana upesi Mpanda, na umeme haukuacha kukatika. Hivyo kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la wateja, niliwasha mashine nikakuta siku ya mwaka mpya, na ikabidi niilete leo tena. Mwanzoni nilifunga mlango nikiwa nafanya hivyo. Nilipita kwa baba, nikapita kwa homa, kila asubuhi, halafu nikafungua dirisha na kuuliza mtu wa kwanza anataka kuchapa nini. Kulikuwa na siku nilizochelewa kufungua. Watu wakagonga, nikasema nakuja.

Sijui iliendelea hivyo muda gani. Najua tu asubuhi moja mvua zilikuwa zimerudi, Vumilia analia hataki uji, na Kalisto anatafuta kiatu kimoja chini ya benchi, na mimi nimesimama mbele ya kioo nikimpigia kelele kwamba kiko nyuma ya mlango, nimekiona jana, atachelewa shule. Mwalimu mmoja akainama dirishani na karatasi zake za mtihani. Nikaangalia kona ya chini ili nimwandikie tarehe juu ya ukurasa. Ilikuwa ya leo. Nilikuwa nimeshaisogeza, na sikumbuki kuisogeza.